Herufi ya Umma

Sisi tuliosomea chuoni, kibao magotini, tulifundishwa kwamba alifu ni sauti tu, na kwamba maana huja herufi zinapoungana. Kwa Wachina mambo ni mengine. Kwao herufi moja aghalabu ni neno, lenye maana na historia yake. Leo tunapenda kuizungumzia mojawapo, 公, isomwayo gong, kwa kuwa historia yake inamhusu kila aliyekabidhiwa mali isiyo yake.

Herufi hiyo huandikwa kwa kuvuta kalamu mara nne. Mchina wa leo huitumia kwa maana ya umma, ya kitu cha wote na ya haki isiyopendelea. Imo katika majina ya bustani ya watu wote, ya barabara kuu na ya basi la abiria. Hata kilomita huitwa gongli, kwa kuwa ni kipimo cha mataifa yote.

Lakini katika maandishi ya kale gong hakuwa umma. Alikuwa bwana. Katika enzi ya Zhou, iliyoanza yapata miaka 3,000 iliyopita, neno hilo lilikuwa cheo cha juu cha makabaila, na shamba la gong lilikuwa shamba la bwana. Mwanafalsafa Mencius, katika karne ya nne kabla ya Masihi, alieleza mpango wa ardhi iliyogawanywa vipande tisa. Familia nane zilipewa kila moja kipande chake. Cha katikati kilikuwa cha gong, na wote walipaswa kukilima hicho kwanza ndipo waende kwenye vyao.

Baadaye Han Fei, aliyefariki mwaka 233 kabla ya Masihi, alidai kwamba aliyebuni maandishi alichora ubinafsi kama kitu kinachojizungushia chenyewe, na gong kama kuupa ubinafsi huo mgongo. Maelezo hayo ni matamu, lakini wataalamu waliochunguza maandishi ya kale zaidi, yaliyochongwa juu ya mifupa na shaba, wanayatilia shaka, kwani huko umbo la chini la herufi si lile alilolitaja. Ni dhahiri basi kwamba haki haikuwamo katika wino. Watu ndio walioitia humo, kizazi baada ya kizazi, hata neno la bwana likawa neno la wote. Sun Yat-sen, aliyefariki mwaka 1925, alipenda mno kuandika usemi wa kale wenye herufi hiyo, usemao kwamba dunia ni ya watu wote. Usemi huo umechongwa kwenye kaburi lake mjini Nanjing.

Hata hivyo, neno lililopanda laweza kushuka. Mwaka 1958 wakulima wa China waliingizwa katika jumuiya kubwa zilizobeba herufi hiyo hiyo katika jina lao, wakala katika majiko ya pamoja yaliyoibeba pia. Viongozi wengi, kwa kutaka sifa, walitoa hesabu za uongo za mavuno, na nafaka ikachukuliwa kwa kufuata hesabu hizo. Njaa ya miaka ya 1959 hadi 1961 iliua watu kwa mamilioni. Herufi ya umma ilikuwa imeandikwa mlangoni, lakini chungu kilikuwa kitupu. Jumuiya hizo zilivunjwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980.

Nasi tunalo neno letu, umma, tulilolipokea kutoka Kiarabu, na tumelibandika kwenye mashirika, magari na maghala. Tusidhani kwamba kulibandika kunatosha. Kiongozi anayeandika gunia mia pale palipo na gunia arobaini amekwisha kulirudisha neno hilo kwa bwana, na bwana huyo ni yeye mwenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: na daftari la uongo hupoteza wenye mali.