Eti tuandike upya!

Jamani, nimechoka na wimbo huu wa "tuandike upya". Kijana akifungua programu ya zamani akakuta msimbo umesokotana kama nywele zisizochanwa, hata hajausoma nusu, tayari anataka kuutupa.

Netscape walifanya hivyo. Toleo la 4 la kivinjari chao lilitoka 1997. Mwaka uliofuata wakaamua kuanza upya. Toleo la 5 halikutoka kamwe. La 6 lilikuja Novemba 2000, zito na lenye hitilafu tele, na Internet Explorer ilikuwa imeshawapiku. (Ndiyo, Microsoft walikuwa wakiigawa bure pamoja na Windows. Lakini nani aliwatuma wasimame njiani kubomoa gari?)

Mimi mwenyewe niliwahi kufuta mistari 3 ya "upuuzi" katika programu ya mishahara: nambari ya akaunti ikiwa sifuri, mpeleke mtu huyu kwenye orodha nyingine. Mwisho wa mwezi, vibarua wasio na akaunti ya benki hawakuonekana kwenye orodha ya kulipwa taslimu. Haya, nenda ukawaeleze habari za msimbo safi!

Ukipewa programu kuukuu, weka nakala kwanza. Iendeshe, andika inachotoa kwa kila unachoiingizia, ndipo uguse kipande kimoja, uiendeshe tena, ulinganishe. Inachosha, najua. Na kama aliyeiandika bado yu hai, mpigie simu leo, kabla hajastaafu akaenda kulima.