Mgonjwa wa Kifua Kikuu Aambiwe Sababu ya Miezi 6

Mgonjwa wa kifua kikuu anapokabidhiwa dawa kwa mara ya kwanza, kwa kawaida huambiwa azimeze kila siku kwa miezi 6 na asikatishe. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, homa hukoma na hamu ya chakula hurejea. Hapo swali humjia: nimeshapona, dawa za nini tena? Asiporudi kliniki, sisi humwandika mtoro. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi tumemwita mtoro mtu ambaye hatukumpa sababu ya kuendelea. Sababu hiyo ipo, nayo imo katika mafuta yanayomzunguka bakteria.

Kila seli, iwe ya binadamu au ya bakteria, imefunikwa na utando uliojengwa kwa mafuta yaitwayo lipidi. Seli haiwezi kugawanyika kuwa mbili bila kwanza kuuongeza utando huo. Kukua, basi, ni kujenga utando mpya. Kinachozuia ujenzi huo huzuia mgawanyiko.

Bakteria wa kifua kikuu ana kazi kubwa zaidi ya ujenzi. Juu ya utando wa kawaida amejiwekea ukuta wenye gamba la nta la asidi za mikoli, ambazo ni mafuta yenye kaboni 60 hadi 90, ilhali mafuta mengi ya mwili wetu yana 16 au 18. Gamba hilo ndilo linaloshikilia rangi nyekundu tunapochunguza makohozi kwa hadubini, na ndilo linalozuia dawa nyingi zisipenye. Bakteria huyu hukua polepole: huchukua takriban saa 20 kugawanyika mara moja.

Isoniazidi, iliyoanza kutumika mwaka 1952, huzuia utengenezaji wa asidi za mikoli. Bakteria anayegawanyika hukosa gamba, akafa. Kwa kuwa hao ndio wengi, mgonjwa hupata nafuu mapema. Lakini wapo wachache waliotulia, wasiogawanyika. Dawa inayozuia ujenzi haimdhuru sana asiyejenga. Hao huandamwa na rifampisini hadi mwisho wa tiba, ikisaidiwa na pirazinamidi katika miezi 2 ya mwanzo. Mgonjwa akiacha mapema, waliotulia huamka, hujenga na kuongezeka upya. Akimeza kwa kurukaruka, huwapa nafasi wale wenye usugu.

Muda huo haukubuniwa ofisini. Majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambayo matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 1972, yalionyesha kuwa tiba iliyochukua miezi 18 ingeweza kufupishwa hadi miezi 6 kwa kuongeza rifampisini au pirazinamidi. Wagonjwa wa kwetu ndio waliouthibitishia ulimwengu jambo hili. Ni ajabu kwamba wajukuu wao wanapewa muda uleule bila maelezo.

Wapo watakaosema kwamba foleni ni ndefu, na kwamba mgonjwa asiyesoma hataelewa habari za lipidi. Sikubaliani nao. Yeyote aliyewahi kuosha sufuria yenye mafuta kwa maji matupu anajua jinsi mafuta yanavyokinga. Yatosha kumwambia: "Dawa moja inaua wadudu wanaojijengea gamba. Wengine wamelala, hawajengi. Dawa nyingine inawafuata hao, na kazi hiyo ni ya miezi, hata ukijisikia mzima." Maneno hayo hayamalizi dakika moja.

Nakiri kwamba maelezo hayalipi nauli wala hayaweki chakula mezani, na wengi hukatisha tiba kwa ajili ya hayo. Hata hivyo, mtu anayejua sababu ya safari huitafutia nauli kwa bidii zaidi.

Nawe mgonjwa, usione haya kuuliza. Ukihisi ganzi miguuni, au macho yakigeuka manjano, nenda kituoni mara moja ukaangaliwe. Usijiamulie peke yako kuacha dawa na kunyamaza. Nasi wahudumu, kabla ya kuandika neno mtoro kwenye kadi, tujiulize kwanza kama tulimweleza mgonjwa huyo, siku ile ya kwanza, kwa nini arudi.