Mzee Asiyelala Usiku

Akina mama wenzetu, wengi wetu tunaishi na mzee nyumbani, mama mzaa chema au mzazi wetu wenyewe. Usiku tunamsikia akijigeuza kitandani na kufungua mlango. Asubuhi tukimuuliza, hujibu, "Ni uzee tu, mwanangu," nasi tunaridhika. Mwezi huu tunaomba tusiridhike.

Ni kweli usingizi wa mzee huwa mwepesi, naye huamka mapema. Hata hivyo, bado anahitaji kulala saa 7 hadi 8. Kukosa usingizi kukizidi wiki 2, na tena hali vizuri, amejitenga na hafurahii aliyoyapenda, huenda ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Wazee wengi wenye sonona hawalii. Husema mgongo unauma au tumbo limejaa. Mara nyingi wamefiwa na mwenzi, wamehama shamba lao kuja mjini, au wanajiona hawana kazi tena. Huko si kudeka, si kurogwa, wala si upungufu wa imani.

Tufanyeje? Kwanza, tusimnunulie vidonge vya usingizi dukani. Dawa kama diazepamu humlegeza mzee na kumvuruga akili. Akiamka kwenda chooni huanguka, na sisi wauguzi tunampokea wodini akiwa amevunjika nyonga.

Badala yake:

1. Asubuhi atoke nje, apate mwanga na atembee kidogo.

2. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa.

3. Baada ya saa 8 mchana asinywe kahawa wala chai ya majani.

4. Kama anatumia dawa ya presha inayokojoza, tumwulize daktari kama inafaa kumezwa asubuhi.

5. Apewe kazi anayoiweza, kama kuchambua mboga au kuwasimulia wajukuu hadithi.

Hali isipobadilika, tumwombee na pia tumpeleke hospitali. Sonona hutibika, hata kwa mtu wa miaka 80. Akisema, "Heri nife," tusimkemee. Tumwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, tusimwache peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Kesho, basi, tusimwulize "Umeamkaje?" huku tukipita na ndoo mkononi. Tuiweke ndoo chini, tuketi, tusikilize jibu lake.