Maji ya Mvua ya Uwanja wa Ndege wa Mwanza Yapimwe, Matokeo Yabandikwe

Uwanja wa ndege wa Mwanza uko takriban mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria, jirani yake wa kudumu, liko kwenye mita 1,135 hivi, likipanda na kushuka kadiri ya miaka ya mvua. Mwinuko unaowatenganisha ni kama mita 12. Tone la mvua linaloangukia lami ya uwanja ule lina safari fupi sana kabla halijawa maji ya ziwa.

Tone moja si hoja, lakini tufanye hesabu. Tuchukue njia ya kurukia ndege yenye urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 45, vipimo vya kawaida kwa uwanja unaopokea ndege za abiria za ukubwa wa kati. Hizo ni mita za mraba 135,000 za lami isiyonyonya maji. Ikinyesha mvua ya milimita 30, ambayo kwa mtu wa Kanda ya Ziwa ni mvua ya kawaida ya masika, lita zaidi ya milioni 4 zitateremka kutoka juu ya lami hiyo peke yake. Hapo sijagusa maegesho ya ndege, mapaa ya majengo, eneo la magari wala barabara za ndani. Na Mwanza ni mji wa mawe. Udongo wake mahali pengi ni mwembamba juu ya mwamba, kwa hiyo maji yanayoshindwa kuzama hutafuta mtaro, na mtaro hutafuta ziwa.

Maji hayo huosha kila kilichoachwa juu ya lami. Kila ndege inapotua, matairi yake huacha mpira kwenye njia. Wakati wa kujaza mafuta kuna matone yanayodondoka, mashine zinavuja oili, majimaji ya mifumo ya breki yanatoka kidogo kidogo, na sabuni za kuoshea ndege na magari huachwa sakafuni. Nyasi za pembeni nazo huweza kupigwa dawa ya kuua magugu. Kuanzia Juni hadi Septemba vitu hivi hujilimbikiza vikisubiri vuli. Ndiyo maana wataalamu wa maji huogopa mvua ya kwanza kuliko ya kumi: ndani ya nusu saa ya mwanzo hupita sehemu kubwa ya uchafu wa miezi mitatu minne.

Najua pingamizi litakalokuja haraka, na lina uzito. Mtu atauliza, kwa nini tuhangaike na uwanja wa ndege wakati Mto Mirongo unapita katikati ya jiji ukibeba takataka na maji ya vyoo hadi ziwani? Ni kweli. Kwa wingi wa uchafu, majitaka ya majumbani na mbolea inayosombwa mashambani vinauzidi uwanja wa ndege kwa mbali sana, na gugu maji linalotusumbua tangu miaka ya 1990 linastawi kwa rutuba ya aina hiyo. Anayesema uwanja wa ndege ndio unaoliua ziwa anapotosha.

Lakini pingamizi hilo linasahau jambo moja. Mirongo una maelfu ya wenyewe: kila nyumba ya mlimani, kila gereji, kila genge. Kuusafisha kutachukua kizazi. Uwanja wa ndege una mwenyewe mmoja, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, una uzio, na mitaro yake inayotoka nje inahesabika kwa vidole. Ukitaka kujua kinachotoka, unajua pa kusimama. Kisha mwenyewe huyo ni Serikali. Mwenye kiwanda cha minofu ya samaki Ilemela anadaiwa kibali na vipimo, na kijana wa kuosha magari ufukweni anafukuzwa kwa sababu amekaa ndani ya mita 60 zinazolindwa na kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Serikali inayowadai hao ikianza kwa kupima mtaro wake yenyewe na kuonyesha majibu hadharani, itakuwa na uso wa kumkagua mtu mwingine yeyote.

Sheria za kuanzia tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inadai kibali kwa anayetiririsha maji machafu kwenye chanzo cha maji, na Ofisi ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyo hapahapa Mwanza, ndiyo yenye kazi hiyo. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za 2007 zinataja namba: maji yanayotolewa yasizidi miligramu 100 za chembechembe kwa lita wala miligramu 10 za mafuta na grisi. Udhaifu uko kwenye mazoea. Tunapofikiria maji machafu tunafikiria bomba la choo na kiwanda, mvua tunaiona baraka isiyohitaji kibali. Tathmini ya athari kwa mazingira nayo hufanywa mradi unapoanza, ilhali mvua hunyesha kila mwaka. Marekani waliliona hilo mapema: marekebisho ya sheria yao ya maji ya 1987, na kanuni zilizofuata 1990, yaliwafanya wenye viwanja vya ndege waombe kibali cha maji ya mvua yanayotoka sehemu za matengenezo na usafishaji. Kinachowasumbua zaidi kule ni kemikali za kuyeyusha barafu mabawani, shida ambayo sisi hatuna. Njia yetu ni rahisi kuliko yao.

Kitu kimoja nakihofia kuliko mafuta, nacho ni povu la zimamoto. Mafuta huelea, yananuka, mvuvi anayaona yaking'aa rangi rangi juu ya maji na kugeuza mtumbwi. Povu lililotumika viwanjani duniani kwa miongo mingi lilikuwa na kemikali za florini ambazo hazinuki, hazionekani na haziozi. Huingia kwenye maji, kwa samaki, hatimaye kwenye damu ya watu. Nchini Sweden, katika mji mdogo wa Kallinge, mazoezi ya zimamoto kwenye uwanja wa ndege za kivita yalichafua chanzo cha maji ya bomba, na jambo hilo likagundulika Desemba 2013 baada ya watu wapatao 5,000 kunywa maji hayo kwa miaka. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kuwa na kiwango kikubwa cha kemikali hizo mwilini ni madhara kwa mtu. Aliyeshtakiwa na kushindwa ni kampuni ya maji ya manispaa, iliyouza maji yaliyochafuliwa na mwingine. Mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA, wanaovuta maji ya ziwa hilihili pale Capri Point na Butimba, wana kila sababu ya kuisoma kesi hiyo. Moja ya kemikali hizo, PFOS, iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm mwaka 2009, na Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Kanuni zetu za 2007 hazikuziwekea kiwango. Zirekebishwe.

Kupima kwenyewe si jambo la kutisha. Kwa mafuta, fundi huteka maji kwa chupa ya kioo, kwa sababu mafuta hung'ang'ania plastiki na kipimo kitadanganya. Haisuuzi chupa kwa maji yale kwanza, anaijaza mara moja, anaiweka kwenye barafu na kuiwahisha maabara. Kwa kemikali za povu mambo hugeuka: hapo hutumika chupa maalumu za plastiki. Ugumu ni saa. Mvua za ziwani hupenda usiku na alfajiri, na mkaguzi anayefika saa nne asubuhi na gari la ofisi atakuta mtaro umeshatulia na maji yake masafi. Panatakiwa kifaa kinachoteka maji chenyewe yanapopanda. Bila hicho tutajaza mafaili kwa vipimo vya siku za jua.

Wanaosema hizi ni anasa za nchi tajiri wakumbuke 1999. Mwaka huo Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu za uvuvi, na nchi zetu zikahangaika kuthibitisha usalama wa maji na samaki wake. Viwanda vilisimama, wavuvi wakakosa pa kuuza sangara. Februari 2000, ndege ya mizigo aina ya Boeing 707 iliyotoka Khartoum kuja kuchukua minofu Mwanza iliishia ndani ya ziwa karibu na uwanja. Wafanyakazi wake walinusurika. Uwanja na samaki wameishi pamoja muda mrefu, na anayenunua samaki ana haki ya kuuliza maji yakoje. Jibu zuri ni daftari la vipimo la miaka kumi mfululizo.

Jengo jipya la abiria limekuwa likijengwa kwa hatua kwa miaka kadhaa, na lengo la kuufanya uwanja huo wa kimataifa linajulikana. Naliunga mkono. Ndege zaidi maana yake lami zaidi, na huu ndio wakati wa kuchimba bwawa la kutuliza maji na kuweka vitenganishi vya mafuta kwenye mitaro, kwani kuvunja lami baadaye ni gharama maradufu. Entebbe na Kisumu nao viwanja vyao viko ufukweni mwa ziwa hilihili, na Itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria ya 2003 imeshazifunga nchi zetu kulitunza kwa pamoja. Mwanza ikianza, Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu itakuwa na mfano wa kuwapelekea wengine.

Ombi langu ni kwa madiwani wa Ilemela, ulipo uwanja, wasimamizi wa mazingira wa NEMC na Ofisi ya Bonde. Kila mtaro unaotoka uwanjani upewe namba na kibali chake. Upimwe mvua za kwanza za vuli na za masika, mafuta na kemikali za povu zikiwemo. Povu la zamani lililobaki stoo lihesabiwe na kuondolewa kwa utaratibu. Na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za kata na kwenye mialo ya Igombe na Kayenze, mahali ambapo mama anayeanika dagaa anaweza kuyasoma na kuuliza swali.