Mashine ya Boti si Gunia la Karafuu

Ndugu wanachama,

Wengi wenu mmetuuliza, na baadhi yenu mmeuliza kwa sauti kubwa barazani, ni jambo gani lililotokea katika safari ya Singida, na kwa nini hesabu za mwezi zaonyesha fedha alizolipwa fundi wa mashine hali chama hakina mashine tena. Jawabu twalitoa hapa, na pamoja na jawabu twatoa maoni yetu, kwani shauri hili litaletwa mbele ya mkutano mkuu, na yafaa kila mtu aje akiwa amekwisha kulifikiri.

Mtakumbuka kwamba mashine yetu ndogo ya boti, ile ya farasi sita iliyokuwa ikichukua magunia kutoka vijiji vya pwani mpaka kituo cha kununulia, iliuzwa kwa kauli ya kamati. Walioinunua ni kikundi cha wavuvi wa Ziwa Kitangiri, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Na kwa kuwa kamati ilikuwa imekwisha kuamua kupeleka watu wanne Singida kutazama vinu vidogo vya kukamua alizeti, zao ambalo mkoa ule wasifika kwalo, ilionekana ni busara wajumbe waichukue na mashine, ili chama kiokoe nauli ya mzigo. Busara hiyo ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni maarifa.

Sisi wenyewe tulikuwamo safarini, kwa hiyo hatusimulii ya kuambiwa. Kutoka Mkoani mpaka Dar es Salaam mashine ilikwenda salama, imesimamishwa wima na kufungwa, na tangi lake tupu. Dar es Salaam tulikodi gari la kulala, lile lenye vitanda na jiko la gesi ambalo wageni hulitumia kwendea mbugani, maana kwa watu wanne na siku nyingi bei yake ilikuwa nafuu kuliko nyumba za wageni. Kijana wetu mmoja akaiingiza mashine ndani, akailaza chini baina ya vitanda, kwa ubavu wowote uliotokea. Hapana aliyemwambia neno. Mkoba wa karafuu safi, kilo tano, tuliouandaa kuwa zawadi kwa wenyeji wetu, ukawekwa juu ya mashine ili usiloe.

Tulipofika Morogoro mmoja wetu akahofu kwamba huenda bara petroli isipatikane, akajaza tangi la mashine la lita 12, likawekwa nyuma ya mlango. Hofu hiyo haikuwa na msingi. Petroli yauzwa Dodoma, yauzwa Singida mjini, na Kiomboi, makao ya wilaya ya Iramba, pia yauzwa. Tulibeba hatari kwa kilomita mia kadhaa ili tufike nayo mahali ambapo tungeweza kuinunua kwa dakika tano.

Usiku tulilala Manyoni, ndani ya gari, madirisha tumeyafunga kwa sababu ya baridi na upepo wa nchi ile. Alfajiri, baada ya sala, mmoja wetu akataka kuwasha jiko la gesi achemshe chai. Kiberiti alikuwa nacho mkononi. Mzee tuliyefuatana naye akasema, "Mwanangu, ngoja kwanza. Mimi kichwa chaniuma tangu usiku, na kuna harufu hapa." Tukafungua milango. Kumbe kile kizibo kidogo cha kupitishia hewa kilicho juu ya mfuniko wa tangi hakikukazwa. Njia nzima tangi lilikuwa likipumua ndani ya chumba tulicholala.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukatoka dirishani kama moshi wa kuni; hushuka, ukakaa sakafuni, chini ya vitanda na kwenye pembe, ukingoja moto. Tulikuwa tumepita Morogoro siku iliyotangulia, na kila aliyepita Msamvu hujua kilichotokea pale tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipopinduka na kuwaka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Sisi tulipita, tukawarehemu marehemu, kisha tukalala na petroli yetu wenyewe mlangoni. Twaandika hivi bila ya kujificha, kwa kuwa mwanachama mwingine akisafiri asije akasema hakuambiwa.

Habari ya pili ni ya zawadi. Singida tulipofungua mkoba, karafuu zilinuka petroli. Hapa hatuna haja ya kuwafundisha wakulima. Kila mmoja wetu amekatazwa kuanika karafuu kwenye barabara ya lami, na sababu twaijua: karafuu hushika harufu ya kitu kilicho karibu yake. Sisi ambao hupigana na watoto wasitie mguu wenye matope juu ya jamvi, tuliziweka karafuu daraja la kwanza juu ya mashine ya mafuta. Hatukuzitoa. Tulikwenda kwa wenyeji mikono mitupu, nao wakatulisha kuku wao, ambao sifa yao imeenea Tanzania nzima. Aibu hiyo haikuandikwa katika hesabu, lakini ni sehemu ya gharama.

Habari ya tatu ni ya mashine yenyewe. Kutoka Singida tulishika njia ya Misigiri na Kiomboi, kisha tukateremka bondeni mpaka ziwani. Kitangiri ni ziwa la kina kifupi. Maji huingia kutoka mbuga za Wembere, na hutoka kwa mto Sibiti kwenda Ziwa Eyasi. Wavuvi walikuwa wakitungoja ufukoni na mtumbwi wao tayari. Mashine ikafungwa, kamba ikavutwa, isitoke. Kijana wetu akashika kwa mikono miwili avute kwa nguvu zote. Mvuvi mmoja mtu mzima akamzuia, akafungua plagi, akavuta kamba polepole, na oili nyeusi ikaruka kutoka katika silinda.

Mashine ile ni ya namna inayoweka oili yake ndani, mbali na petroli, kama injini ya gari. Mashine za namna hii hazilazwi ovyo. Kila moja ina ubavu wake wa kulalia, na aliyeiunda ameuonyesha kwa alama au maandishi kwenye mwili wa mashine au katika kitabu chake. Ikilazwa kwa ubavu mwingine, oili hutambaa ikaingia katika silinda na katika njia ya hewa. Na kwa kuwa oili haikubali kushindiliwa kama hewa, mtu akilazimisha aweza kupinda chuma cha pistoni, na hapo mashine imekwisha. Fundi aliitwa kutoka Kiomboi, akasafisha kabureta, akabadili plagi na oili, na jioni mashine ikanguruma. Hizo ndizo fedha mlizoziona.

Sasa twaja kwenye maoni. Wako wanachama wasemao kwamba kijana aliyeipakia mashine akatwe fedha hizo katika posho yake ya msimu. Sisi twapinga. Kijana hakuonyeshwa alama ile, wala hakupewa karatasi yoyote. Katibu alikuwapo, kitabu cha mashine kilikuwa kabatini mwa ofisi, na katibu hakukifungua. Ukimtoza kijana, utakuwa umemtoza mtu kwa elimu ambayo hukumpa. Kama lazima lawama ipate mwenyewe, basi ianze hapa ofisini.

Wako wengine wasemao, "Sisi tumebeba mashine za boti mabegani, na juu ya paa la daladala, tangu utoto wetu, na hazikudhurika." Kweli, lakini nyingi kati ya hizo zilikuwa za namna ile ya zamani, zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, wala hazina oili ya kumwagika tumboni. Na hizo pia zina adabu yake. Yafaa zisimamishwe wima kwanza mpaka maji yote yatoke mguuni, na katika kuzilaza, mguu usiwe juu kuliko kichwa, maji yaliyobaki yasije yakashuka kwenye silinda. Maji ya chumvi yakikaa humo siku mbili tatu, kutu imekwisha kupata nyumba. Basi mazoea yaliyofaa kwa chombo kimoja yaweza kuua chombo kingine, na mkulima aliyeuacha mkarafuu akapanda mpunga hawezi kudai kwamba palizi ni ile ile.

Tena wako wasemao kwamba mashine ilikwisha kuuzwa, kwa hiyo hasara ilikuwa juu ya mnunuzi. Hili ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kitu ulichokiuza nawe ukachukua dhamana ya kukifikisha, mpaka kifike ni amana mikononi mwako. Wavuvi wale walilipa kwa kuchanga. Kama ile kamba ingevutwa kwa nguvu mara ya tatu, wangebaki na chuma cha kilo 27 kisicho na faida, nasi tungerudi kisiwani na fedha zao mfukoni. Chama ambacho kila msimu hulalamika mzani usipokuwa sawa hakina uso wa kusimama mahali kama pale.

Kwa hiyo twapendekeza kwa mkutano mkuu mambo haya.

Kwanza, gharama ya fundi ilipwe na mfuko wa chama, na jina la kijana lisitajwe tena katika shauri hili.

Pili, chombo chochote cha petroli kinachosafirishwa kwa jina la chama, kiwe mashine ya boti, pampu au msumeno wa injini, kitolewe petroli yote kabla ya kupakiwa, pamoja na ile iliyobaki katika kabureta. Tangi lisafiri tupu na mfuniko wake umekazwa. Petroli inunuliwe mwisho wa safari. Ikiwa hapana budi kuibeba, isikae kamwe ndani ya chumba wanamokaa au kulala watu, wala penye jiko.

Tatu, mashine ioshwe kwa maji matamu, isimamishwe mpaka ichuruzike, kisha ifungwe wima kwenye kitako cha mbao, chini, karibu na magurudumu ya nyuma. Isipandishwe juu ya paa, kwa maana mzigo mzito ukikaa juu huyumbisha gari penye kona. Na ikilazimika kulazwa, ilazwe kwa ubavu ulioonyeshwa, juu ya kitu laini, na propela isichukue uzito. Seremala wetu yeyote aweza kuunda kitako hicho kwa vipande vya mbao vilivyobaki karakanani, kwa asubuhi moja.

Nne, karafuu, makonyo wala chakula kisisafiri chumba kimoja na petroli, hata kwa mwendo wa kutoka Wete mpaka Chake Chake.

Tano, kitabu cha kila mashine kisomwe mbele ya wanaosafiri nacho, na maelezo ya kupakia yaandikwe kwa Kiswahili katika karatasi moja ifuatane na mzigo. Kazi hii ni ya katibu, naye ameikubali.

Huenda mtu akasema kwamba maneno haya ni mengi kwa ajili ya mashine ndogo iliyokwisha kuondoka. Mashine imeondoka, lakini safari hazijakwisha. Kamati yafikiri kununua pampu ya maji kwa vitalu vya miche, nayo itapita baharini na barabarani kama ile. Na msimu ujao wajumbe watakwenda bara tena, wakiwa na karafuu za zawadi, na twatumaini safari hiyo zitafika na harufu yake.

Wavuvi wa Kitangiri wametuletea habari kwamba mashine yafanya kazi vizuri, na wamewasalimu wanachama wote. Waliotaka kuona risiti za fundi, zipo ofisini, ziko wazi kwa kila mwanachama siku zote za kazi.

Wasalaam,
Katibu wa Chama