Lipa Fundi Apime, Ama Ulipe Altaneta Nzima

Taa nyekundu ya betri inawaka kwa dashibodi, unaingiza gari gereji hapa Kitale, na kabla boneti ifunguliwe vizuri umeshapewa hukumu: "Bosi, altaneta imeenda. Hii ni ya kubadilisha." Hajapima. Hajagusa waya hata moja. Na kuna kijana ashatumwa mbio dukani kuuliza bei ya eks-Japani.

Shangazi yangu hubeba maziwa na Probox kutoka Kiminini. Gereji moja ilimwambia 14,500. Akakataa, akaenda kwa fundi wa umeme wa gari, mzee anakaa tu kwa stuli na mita yake. Kaboni zilikuwa zimekwisha. Kaboni mpya na kazi, 1,300. Maziwa ikafika.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na si uhandisi nilikuwa nasomea, lakini hii si sayansi ya roketi. Altaneta inazungushwa na mkanda wa injini, inatoa umeme, betri inachaji. Ndani kuna kaboni mbili ndogo zinasugua pete za shaba, na zimetengenezwa ziishe. Kuna regyuleta, kuna dayodi, kuna beringi. Wakati mwingine shida haiko hata huko ndani: mkanda umelegea, ama vichwa vya betri vimeota ule unga mweupe. Na wewe umeweka woofer ya kutingisha Kitale mzima, hiyo altaneta imekuwa ikilia muda mrefu.

Kupima ni dakika tano. Betri nzima, injini ikiwa imezimwa na gari imepumzika, inasoma karibu volti 12.6. Washa injini. Ikipanda kati ya 13.8 na 14.5 hivi, altaneta inafanya kazi. Ikibaki 12 na kitu, sasa ndio tunaanza kutafuta kwa nini. Kutafuta, si kununua.

Mbona basi fundi hapimi? Hapa ndipo wenye magari watanikasirikia. Ni kwa sababu hatutaki kulipia akili yake. Fundi akitumia nusu saa kutafuta shida, akuambie ni waya tu, unamwambia "asante mkubwa" na unawasha gari unaenda. Ukiitishwa 500 ya kupima unasema ni mwizi. So mtu ana watoto, ana kodi, anajifunza haraka kwamba pesa iko kwa spea na ile kamisheni ya duka. Tumemfundisha sisi wenyewe. Unakataa kutoa 500, unatoa 14,500, halafu unapost umeibiwa.

Na hiyo eks-Japani unayonunua ni altaneta ya mtu mwingine imechoka na kaboni zake zimebaki nusu. Hujui ilitembea kilomita ngapi. Yako, uliyoijua, imebaki kwa kona ya gereji. Unafikiri inangoja nini hapo? Inangoja kaboni mpya na rangi kidogo, iuziwe buda mwingine.

Hii ndio sehemu inaniuma, kwa sababu sheria iko. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima ya matengenezo ya magari. Inazungumzia makadirio ya bei kabla kazi ianze, idhini yako, kurudishiwa spea zako za zamani, na dhamana ya kazi. Miaka yote hiyo, na wasee wengi ninaowauliza mjini hawajawahi kuisikia. Wewe mwenyewe, mara ya mwisho uliitisha spea yako lini?

Ndiyo, kuna altaneta zinakufa kabisa. Waya za ndani zikiungua utanusa, na ukiwa umekwama usiku huko Kamukuywa na familia kwa gari, weka chochote kinapatikana ufike nyumbani. Sibishani na hiyo. Lakini mchana, mjini, na mafundi wa kusuka waya wako hapo hapo jua kali, uliza kwanza kusuka ni ngapi. Mwambie fundi mapema, na heshima: "Fundi, nitakulipa kupima, hata kama ni waya tu." Mlipe kweli. Na ikibidi ibadilishwe, ile ya zamani iwekwe kwa buti kabla utoe M-Pesa.