Waraka kwa walimu wa maadili ya biashara: Tusiishie Chicago



Nawaandikia kuhusu kipindi kimoja tu katika somo letu, kile cha kampuni kuondoa dawa sokoni. Wengi wetu tunakifundisha kwa kisa kimoja: Tylenol, Chicago, 1982.

Kisa tunakijua. Kapsuli za dawa hiyo ya maumivu zilitiwa sianidi zikiwa tayari madukani, watu saba wakafa, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo. Johnson & Johnson, kampuni iliyoitengeneza, chini ya bosi wake James Burke, ikaondoa chupa zipatazo milioni 31, mali ya zaidi ya dola milioni 100, kisha ikarudi sokoni na vifungashio vigumu kuchezewa. Wanafunzi hukipenda kisa hiki. Kina bosi jasiri, kina azimio la maadili lililoandikwa 1943 likiwataja watumiaji wa bidhaa kwanza na wanahisa mwisho, na mauzo yanarudi. Kengele ikilia kila mtu ameridhika, na hilo ndilo linalonitia shaka.

Sumu ile haikutoka kiwandani. Kampuni yenyewe ilikuwa imetendewa uovu. Kusema ukweli pale mkosaji ni mwingine kunagharimu fedha, lakini hakumwaibishi msemaji.

Sasa ichukueni kampuni ileile, tena tawi lake lilelile lililotengeneza Tylenol, McNeil, miaka 27 baadaye. Vidonge vya maumivu vya Motrin vilivyouzwa katika vichupa vya vidonge vinane kwenye vituo vya mafuta na maduka madogo viligundulika haviyeyuki inavyotakiwa. Mwaka 2009 watu wa kandarasi walilipwa kupita duka kwa duka, wajifanye wateja wa kawaida, wanunue vyote watakavyovikuta. Waliagizwa kwa maandishi wasitaje kabisa kwamba dawa inaondolewa. Azimio la maadili lilikuwa bado lipo. Septemba 2010 bosi wa wakati huo, William Weldon, alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kukiri kwamba kampuni ilikosea.

Hapo ndipo penye somo la utawala. Nani aliidhinisha malipo ya kandarasi ile? Mkuu wa ubora aliripoti kwa nani, na marupurupu ya huyo aliyepokea ripoti yake yalitegemea nini? Bodi iliambiwa lini? Tukifundisha Tylenol peke yake, mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba dawa ya yote ni kupata bosi mwema. (Na wanafunzi wetu tayari wana imani ya kupindukia kwa wakubwa.)

Ninapendekeza hivi. Wapeni taarifa za Motrin kabla hawajajua mwisho wake. Mmoja awe mkuu wa ubora, mwingine wa mauzo, mwingine mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi. Wafanye kikao, waandike muhtasari, na tusahihishe muhtasari huo badala ya insha. Tutazame nani amerekodiwa kuwa alipinga, na hatua gani imepewa tarehe na mhusika.

Wakishazoea, waleteni nyumbani. Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kukuta daiethilini glaikoli, kemikali yenye sumu, katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin, iliyotengenezwa Afrika Kusini. Kenya, Tanzania na Rwanda nazo zikaiondoa. Kenvue, iliyorithi bidhaa hiyo kutoka Johnson & Johnson, ilisema vipimo vyake havikuikuta kemikali hiyo. Je, bodi inasubiri maabara zikubaliane, au inaondoa kwanza? Na tangazo likishatolewa mjini, linamfikiaje muuzaji wa duka la dawa muhimu kijijini? Mtumeni mwanafunzi akaulize.

Leteni mihtasari ya vikao hivyo kwenye mkutano wetu wa mwisho wa muhula. Atakayekuwa bado na Tylenol peke yake, aje na sababu.

Wenu katika kazi,
Mjumbe, Kamati ya Mitaala